Fukuto: Neno Lililokuwapo Kabla ya Kamati

Aliyepanga fleti mpya ya ghorofa ya mwisho pale Mtongwe, Mombasa, chumba chake cha kulala kikitazama machweo, hahitaji kuelezwa tatizo lenyewe. Saa tatu usiku akiweka kiganja ukutani, ukuta bado una moto. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini tatizo hilo, likishaandikwa kwa Kiswahili katika ripoti na vijarida vya ujenzi, huitwa "joto kupita kiasi", na mara nyingine, Mungu atuhifadhi, "upashaji joto kupita kiasi", kana kwamba mwenye nyumba amewasha jiko chini ya kitanda cha mpangaji.

"Upashaji" hudai mpashaji. Maji hupashwa, kiporo hupashwa, na aliyekipasha anajulikana. Katika fleti ya Mtongwe hakuna aliyepasha chochote: jua limepiga, zege limenywa, madirisha hayakutoa. Ama hilo la "kupita kiasi", ni kirai kinachofaa kila mahali, na kwa hiyo hakina pake. Mtoto mwenye homa ana joto kupita kiasi. Chai ina joto kupita kiasi. Matatu ikifika Likoni huku redieta ikitoa mvuke, makanga husema gari limechemka, na fundi wa magari humwelewa bila tafsiri. Fundi huyo ana neno lake moja, fupi, lenye kazi. Msanifu majengo amepewa fungu la maneno.

Lipo pia kundi linaloamini kwamba istilahi ni kushona vipande viwili na kukata uzi. Hao ndio warithi wa waliotupatia "jotoridi", ambamo joto na baridi vimeshonwa pamoja ili kutaja kile ambacho "halijoto" inakitaja bila jasho. Wanafunzi wa fizikia wamebeba maneno yote mawili kwa miaka mingi, wasijue lipi litatoka kwenye mtihani. Sasa kuna wanaonong'ona "jotozidi". Kati ya jotoridi na jotozidi ipo konsonanti moja tu, na mhandisi atakayezisoma hizo mbili katika jedwali moja, kwenye karatasi iliyorowa jasho, astahili kuombewa.

Tuanze na joto lenyewe. Shina lake ni ota, lile la kuota moto na kuota jua, kitenzi ambacho lugha nyingi za Kibantu zinacho kwa sura inayokaribiana. Joto, basi, kwa asili yake ni kitu ambacho mtu anakiendea: anasogea, anakunjua viganja, anapata nafuu. Neno halina ubaya wowote ndani yake. Ndiyo maana anayelitaka libebe ubaya hulazimika kulifungia mkia wa "kupita kiasi" au "kali" au "la kupindukia". Kiarabu nacho kilituachia hari na harara, yote mawili yakitokana na neno la joto katika lugha hiyo, lakini hari kwetu imeelekea kwenye jasho na harara kwenye vipele vya ngozi. Yanaeleza yaliyompata mtu mwilini. Nyumba haipatwi na harara.

Neno linalotufaa, fukuto, halihitaji mkia. Ukoo wake ni mkubwa na wa heshima. Ipo fuka, ya moshi unaotoka polepole bila ndimi za moto. Ipo fukiza, ya udi: nguo hutandazwa juu ya chetezo ili moshi uzunguke humo humo na harufu isitoroke. Ipo vukuta, ya mhunzi na mivukuto yake, anayesukuma hewa kwenye makaa mpaka chuma kilegee. Upo mvuke, na lipo vukuto, jasho la mtu aliyejifunika. Maneno haya yamekaribiana kwa sauti na kwa maana, na kote humo mna mambo matatu: kuna joto, kuna kilichofunikwa, na kuna kisichopata pa kutokea. Magazeti yanalijua hili vizuri kuliko majopo ya istilahi. Mwandishi wa siasa anayeandika kwamba mgogoro unafukuta ndani ya chama hamaanishi kwamba chama kina joto. Anamaanisha kwamba moto uko chini, umefunikwa, na walio nje bado hawauoni.

Hicho ndicho kinachotokea Mtongwe, kwa maana ya fizikia kabisa. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana husimama utosini, na anayelipokea kwanza ni paa. Fleti mpya mara nyingi hufungwa juu kwa zege tupu. Zege la sentimita 15 halipitishi joto papo hapo. Hulimeza, kisha hulitema upande wa chini saa nne au tano baadaye. Jua la saa nane mchana humfikia mpangaji saa moja usiku, wakati wa kulaza watoto. Ukuta wa magharibi nao huwa umekunywa jua la alasiri lote. Dirisha ni la vioo vya kuteleza kwenye fremu ya alumini, ambalo hata likifunguliwa mpaka mwisho, nusu yake imezibwa na kioo cha pili. Vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi mrefu, kwa hiyo upepo unaoingia dirishani hauna mlango wa kutokea. Kiyoyozi cha jirani hutema moto wake kwenye uwazi wa katikati ya jengo, mbele ya dirisha la mwenzake.

Mama mtu mzima wa Likoni anayeonyeshwa chumba kama hicho alasiri hana haja ya kipimajoto. "Mwanangu, hapa hapalaliki, chumba chafukuta," humwambia kijana mwenye funguo, na kijana hujibu, "Mama, tutafunga feni." Mazungumzo hayo yana istilahi kamili na tathmini ya kitaalamu ndani yake, na hakuna jopo lililoitwa.

Nyumba za zamani za pwani zilikwepa fukuto kwa njia mbili. Ile ya fito, udongo na makuti ilikuwa nyepesi: haikuweka joto akiba, na mwanya kati ya ukuta na paa uliiachia hewa ya moto iende zake. Ile ya mawe ya matumbawe na boriti ilikuwa nzito, lakini kuta zake nene zilifichwa jua na vichochoro vyembamba na kupakwa chokaa nyeupe inayorudisha mwanga. Fleti ya leo imechukua uzito wa nyumba ya mawe ikaacha kivuli chake.

Waingereza, ambao kwao jambo hili ni geni zaidi, wamekwisha kulitungia kanuni. Mwaka 2017 taasisi ya wahandisi wa huduma za majengo, CIBSE, ilitoa mwongozo uitwao TM59, na tangu Juni 2022 nyumba mpya za makazi huko England hupimwa kwa sharti la kisheria. Chumba cha kulala hakitakiwi kuzidi nyuzi 26 kwa zaidi ya asilimia moja ya saa za usiku katika mwaka, kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Hiyo ni kama saa 32 tu kwa mwaka. Wana sababu: Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, na waliolala vyumba vya chini ya paa walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kipimo hicho kikiletwa Mtongwe kama kilivyo, takriban kila chumba kitaanguka. Wakati wa kaskazi mchana hupita nyuzi 32, na usiku wa nje wenyewe kwa kawaida hauendi mbali chini ya nyuzi 24. Wataalamu wa nchi za joto hutumia hesabu inayofuata majira: wastani wa halijoto ya nje huzidishwa kwa 0.31, kisha hujumlishwa 17.8. Kwa mwezi wa nyuzi 28, jibu ni 26.5 hivi, na wengi huvumilia hadi 30. Upepo wa mita moja kwa sekunde huongeza uvumilivu huo kwa nyuzi mbili hivi. Unyevu wa bahari huupunguza, maana jasho lisilokauka halipozi mwili. Na hapa neno letu linalishinda hata lile la Kiingereza, "overheating", ambalo lina joto peke yake. Fukuto lina joto, unyevu na kukosa hewa, kwa pamoja, kama mwili wenyewe unavyovipokea.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipeleka neno hili mbele ya jopo moja la istilahi, ambalo adabu inakataza kulitaja. Lilirudi na maelezo ya sentensi moja: ni neno la mtaani, tena lina kazi katika utabiri wa hali ya hewa. Kuhusu hali ya hewa, "upepo" una kazi huko pia, na hakuna aliyewanyima mafundi wa matairi. Kuhusu mtaa, inafaa kukumbuka kwamba ilikuwa hapa hapa Mombasa, mwaka 1928, wajumbe walipoketi wakaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu; tangu hapo neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, hutakiwa kuonyesha kitambulisho mlangoni. Ajabu ni kwamba fukuto ni la Unguja vilevile. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili aliyefariki mwaka 2017, alionyesha njia nyingine: runinga aliifinyanga kutokana na maninga, neno la kale la macho, na leo mtoto wa Kenya hulitumia bila kuuliza. Waliomcheka wakati ule wana warithi wao kwenye majopo ya sasa.

Matumizi ni mepesi: chumba kinafukuta, hatari ya fukuto, tathmini ya fukuto, inayofanywa kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa, kinga ya fukuto, yaani paa jeupe au la tabaka mbili, jengo lililolala mashariki–magharibi, vivuli vya madirisha, na upepo wa kaskazi na wa kusi kupewa pa kuingilia na pa kutokea.

Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya ya mwaka 2024, iliyochukua nafasi ya sheria ndogo za mwaka 1968, imeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Siku kanuni hiyo itakapopata mfasiri, aombwe jambo moja: kabla ya kuandika "upashaji joto kupita kiasi", avuke feri, apande mpaka ghorofa ya mwisho ya fleti yoyote mpya ya Mtongwe mwezi wa Machi, na awaulize wanaolala humo chumba chao kinafanya nini.