Kujifunza Uchoraji kwa Kunakili



Mtoto wa shule akinakili hesabu za mwenziwe huadhibiwa, na ni haki. Lakini katika historia ya uchoraji wa rangi za mafuta, kunakili ndiko kulikokuwa shule yenyewe. Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Leo tutaona jambo hilo katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, karne ya 17.

Wachoraji wa Delft walikuwa na chama chao cha mafundi, kilichoitwa kwa jina la Mtakatifu Luka. Kijana aliyetaka kuwa fundi alikaa uanagenzi miaka sita. Alianza kwa kusaga rangi na kuzichanganya na mafuta ya mbegu za kitani; baadaye akanakili michoro, kisha picha za bwana wake. Johannes Vermeer aliingia chama hicho Desemba 1653, mwenye umri wa miaka 21. Ada yake ilikuwa gulden 6, lakini alilipa moja na nusu tu. Deni lililobaki alilimaliza mwaka 1656.

Yapata mwaka 1660 Vermeer alichora picha ndogo, sentimita 45 kwa 41 hivi, ambayo sasa imo katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam. Mwanamke mtumishi amesimama karibu na dirisha, anamimina maziwa. Mezani pana mikate. Hakuna jambo jingine. Basi, kwa nini wanafunzi wengi huinakili?

Ukijaribu utajua. Kwanza, fuata mistari ya dirisha kwa rula. Utaona yote yakutana mahali pamoja, juu kidogo ya mkono wake wa kulia. Hapo pana kitundu cha pini katika picha ya asili: fundi alifunga uzi kwenye pini ile, akaunyosha kupata mistari yake. Pili, utajifunza subira. Huanzi na maziwa. Huanza na rangi ya chini, kisha vivuli, kisha mwanga. Na rangi yenye mafuta mengi huwekwa juu ya ile yenye mafuta machache, ama sivyo itapasuka ikikauka. Tatu, utagundua kuwa ukuta mweupe si mweupe. Una kijivu, una manjano, una matundu, na msumari mmoja wenye kivuli chake. Aprini yake ya buluu ilipakwa rangi iliyosagwa kutokana na jiwe la thamani kutoka Afghanistan. Fundi hakubania rangi kwa sababu aliyechorwa ni mtumishi.

Lakini sikilizeni. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nyuma ya kichwa cha mwanamke huyo Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia magudulia, na chini kulia, kikapu cha moto. Vyote viwili alivifuta, akaacha ukuta mtupu. Anayenakili hunakili ukuta ule, naye hana budi kujiuliza: kwa nini mtupu? Hapo ndipo mkono unapoacha kuiga na akili inapoanza kazi.

Desturi hii haikufa pamoja na vyama vya mafundi. Jumba la Louvre mjini Paris lilipofunguliwa mwaka 1793, wachoraji walitengewa siku zao za kunakili. Hata leo hupewa ruhusa, ila nakala haina budi kuwa na ukubwa tofauti na picha ya asili, isije ikauzwa kwa hila. Tofauti ya mwanafunzi na mwizi ndiyo hiyo: mmoja hutaja jina la mwalimu wake, mwingine hulificha.

Zoezi: Chukua picha yoyote iliyochapwa ya chumba cha nyumbani. Inakili kwa penseli. Kisha chora jiko lako mwenyewe asubuhi, ukiondoa kitu kimoja, na ueleze kwa maneno machache kwa nini umekiondoa.