Majina ya Wazee wa Kanada na Vitabu vya Ubatizo

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona kwamba ukoo nao ni mali. Katika mwaka huu wa jubilei, tunapohesabu waliobatizwa kwetu tangu mwanzo, yafaa tutazame vitabu vya nchi ya mbali ambayo wana wake walifika hata Afrika. Mwaka 1901 Padre John Forbes, Mkanada wa kwanza katika shirika la Mapadre Weupe, alifungua nyumba ya shirika hilo mjini Quebec. Baadaye akawa askofu katika Uganda. Watu wa kwao wengi huweza kutaja mababu zao hata kizazi cha kumi. Wamewezaje?

Champlain aliuanzisha mji wa Quebec mwaka 1608, na Wafaransa wakakaa kando ya mto Saint-Laurent. Mapadre waliandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1640 kanisa la Quebec liliungua pamoja na vitabu vyake. Ikawabidi kuwauliza watu na kuandika upya yaliyokumbukwa. Kisha sheria ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1667 iliamuru vitabu viwe viwili: kimoja kikae parokiani, cha pili kipelekwe barazani. Basi kimoja kikiharibika, kingine chasalia.

Majina yenyewe yalikuwa na desturi zake. Mara nyingi mvulana alitiwa jina la Joseph na msichana la Marie, kisha likafuata jina la kuitwa nyumbani, ambalo huenda ni la msimamizi wake wa ubatizo. Mtoto akifa, aliyezaliwa baadaye aliweza kupewa jina lile lile. Kwa hiyo asiyesoma kitabu cha maziko hudanganyika. Mwanamke aliyeolewa aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake hata kufa kwake, na kwa sababu hiyo ukoo wa mama hufuatika sawasawa na wa baba.

Mwaka 1665 likaja jeshi la Carignan-Salières, askari yapata 1,200, na wapata 400 wakabaki nchini. Askari wengi walikuwa na jina la kambini, kama Sansouci, yaani Bila Wasiwasi, au Jolicoeur, yaani Moyo Mzuri. Jina la namna hiyo liliungwa na jina la ukoo kwa neno dit, maana yake "aitwaye". Hata wasio askari walikuwa nayo. Nicolas Rivard aliitwa Lavigne, yaani Mzabibu. Nduguye Robert aliitwa Loranger. Baadhi ya wazao wao waliliacha kabisa jina la Rivard, hata watu wa damu moja wakawa na majina mbalimbali. Katika karne ya 19 wengi walihamia Marekani kufanya kazi viwandani, na huko Boisvert aliweza kuwa Greenwood, na Leblanc kuwa White.

Walakini vitabu hivyo vyaonyesha aibu pia. Watumwa, wengi wao wenyeji wa Amerika walioitwa Panis, na wengine Waafrika, mara nyingi waliandikwa kwa jina la ubatizo tu, bila baba wala mama. Mwanahistoria Marcel Trudel alipata habari za watumwa 4,000 na zaidi. Walibatizwa kwa maji yale yale, lakini kwa wengi wao hakuna njia ya kuwatafuta wazee wao.

Padre Cyprien Tanguay alikusanya koo za Wakanada katika vitabu 7, vilivyotoka tangu 1871 hata 1890. Asingeweza kazi hiyo kama maparoko wa vijijini wasingaliandika kwa uangalifu.

Basi, walimu na makatekista, mtoto aletwapo ubatizoni, msiridhike na jina moja. Ulizeni la baba, la mama na ukoo wake, na lile wanalomwitia nyumbani. Yaandikeni yote, hata kama mzazi ni maskini au mgeni asiyejulikana na mtu.