Kuishi na kifaa cha kudhibiti mpigo wa moyo

MOYO wa mtu mzima aliyetulia aghalabu hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mpigo huo huanzishwa na umeme hafifu utokao katika fundo dogo la chembe lililo kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Fundo hilo likidhoofika, au njia ya umeme ikizibwa, moyo huenda polepole mno. Mgonjwa huona kizunguzungu, huishiwa na pumzi na pengine huzirai ghafla, jamaa zake wakadhani ni kifafa.

Mgonjwa wa aina hii ndiye hupandikizwa pesimeka, kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, nyaya zake zikipitishwa mshipani hadi moyoni. Wa kwanza kukipokea ni Arne Larsson wa Uswidi, Oktoba 8, 1958. Kifaa hicho kilidumu kwa saa chache tu. Hata hivyo, Larsson alitumia vifaa 26 maishani mwake na kufariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, baada ya daktari aliyempasua na mhandisi aliyekiunda kutangulia.

Siku hizi betri hudumu kati ya miaka mitano na 15, kisha kasha zima hubadilishwa. Simu ya mkononi haikatazwi, mradi iwe umbali wa sentimita 15 na isitiwe katika mfuko wa shati ulio juu ya kifaa. Mwenye kazi ya kuchomelea vyuma, hata hivyo, hana budi kumwona daktari kwanza.

Kosa la hatari ni kudhani kwamba pesimeka hutibu kila hitilafu ya mpigo. Kifaa hiki huzuia moyo kwenda polepole. Hakikomeshi mtetemo wa ovyo wa vyumba vya juu. Katika hali hiyo damu hutuama, ikaganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Kwa hivyo aliyeandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, mathalan warfarin, asiziache kwa kuwa tu anajihisi mzima.

Jambo moja husemwa kwa nadra: jamii zinazochoma maiti hupaswa kuhakikisha kifaa kimetolewa kwanza, kwani betri yaweza kulipuka motoni.