Namba Ishirini na Nne na Mizani ya Dhahabu

Wasikilizaji, mchimbaji wa Mwakitolyo, katika nchi ya Shinyanga, apelekapo dhahabu yake sokoni hupimiwa mambo mawili: uzito na usafi. Uzito hutajwa kwa gramu. Usafi huweza kutajwa kwa asilimia, lakini masonara hupenda kuutaja kwa karati, na dhahabu safi kabisa ni karati 24. Mbona 24, wala si 10 wala 100?

Neno karati asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni pembe ndogo. Ganda la mkarobu, mti uotao kando ya Bahari ya Mediterania, limepinda kama pembe, na watu wa kale walitumia mbegu zake katika mizani. Mwanzoni mwa karne ya 4 Kaisari Konstantino wa Rumi alipiga sarafu ya dhahabu iitwayo solidus. Ratli moja ya Rumi ilitoa sarafu 72, na kila sarafu ilikuwa na uzito wa karati 24, yaani karibu gramu nne na nusu. Basi watu wakazoea kwamba dhahabu kamili ni 24. Dinari za kwanza za Waarabu zilifuata mfano wa sarafu hiyo. Na katika pwani yetu Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, naye alipiga dinari zake za dhahabu.

Lakini namba hii imedumu pia kwa sababu ya tabia yake. Ukizidisha 1 kwa 2, kwa 3, kwa 4, wapata 24. Hugawanyika kamili kwa 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Na hakuna namba iliyo ndogo kuliko hiyo yenye vigawanyo vinane. Nusu yake ni 12, theluthi 8, robo 6, sudusi 4, thumni 3. Kumi haina theluthi kamili wala robo. Mia ina robo, lakini theluthi yake haiishi.

Tena ina ajabu nyingine. Twaa namba tasa yo yote iliyozidi 3, uizidishe kwa yenyewe, utoe 1: jibu hugawanyika kwa 24. Tano mara tano, toa 1, ni 24. Saba mara saba, toa 1, ni 48. Kumi na moja mara kumi na moja, toa 1, ni 120, yaani 24 mara tano. Jaribuni nyinyi wenyewe kwa 13.

Faida ya elimu hii ni nini? Dhahabu itokayo ardhini kwa kawaida imechanganyika na fedha. Ya karati 18 ni robo tatu dhahabu. Ya 16 ni theluthi mbili. Ya 20 ni sudusi tano. Mtu akiwa na gramu 12 za karati 20, na azigawanye kwa 24, kisha azidishe kwa 20: atapata gramu 10 za dhahabu safi. Akilipwa bei ya gramu 9, imempotea gramu nzima, jasho la siku nyingi shimoni. Mizani ni ya mnunuzi, lakini hesabu ni ya kila mtu. Basi wafundisheni watoto wenu kugawanya kwa 24.