SOMO LA HISTORIA: KILICHOFUTWA NA KILICHOPOTEA

Ndugu wanafunzi wa Chang'ombe na wa madarasa mengine ya Dodoma, leo tutajifunza historia ya kumbukumbu zilizotoweka na namna zinavyopatikana tena. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: FAILI.

Kwanza twende Tabora, kwa reli ile ile ipitayo hapa kwetu. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilikuwa ikirudi nyuma mbele ya majeshi ya Waingereza na Wabelgiji. Baadhi ya majalada yake yalifukiwa ardhini Tabora ili adui asiyapate. Baada ya vita yakafukuliwa. Leo majalada ya Wajerumani yanatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaandika katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Fikirini jambo hili. Karatasi iliyofukiwa yaweza kufukuliwa maadamu yuko ajuaye mahali, na maadamu mchwa hawajaifikia. Lishikeni hilo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya kuuzwa yenye diski za kuhifadhi habari. Ilikuwa na diski 50, uzito wake ulizidi tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuijaza. Siku hizi sanduku dogo la kuhifadhi, linalowekwa sebuleni na kuunganishwa na mtandao wa nyumbani, hubeba picha za harusi, vyeti vya watoto na hati za kiwanja za jamaa nzima.

Je, mtoto akifuta faili humo, limekwenda wapi?

Chukueni mfano wa karani wa ghala. Anayo magunia, na analo daftari linaloonyesha kila gunia liko wapi. Ukimwambia, "Futa gunia la tano," yeye hukata mstari katika daftari, wala halitoi gunia. Lakini mahali pale sasa pahesabiwa kuwa patupu, na mzigo mpya ukija, utawekwa hapo. Hapo ndipo la zamani hupotea kweli. Diski zinazozunguka hufanya hivyo hivyo. Zile za aina mpya zisizozunguka mara nyingi husafisha nafasi hiyo upesi, na matumaini huwa madogo.

Kwa hiyo fanyeni haya kwa utaratibu. Kwanza, acheni kuweka kitu kipya katika sanduku. Pili, tazameni kapu la taka la sanduku lenyewe, maana huenda faili limo bado. Tatu, kama sanduku lina desturi ya kuhifadhi hali yake ya jana na juzi, rudini huko. Nne, hayo yakishindikana, lizimeni na kumpelekea fundi mwenye programu ya kufukua mafaili. Kile alichokipata asikiandike juu ya diski ile ile, bali juu ya nyingine.

Kuna kosa moja linalowaumiza wengi. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Patterson, Gibson na Katz, walichapisha maelezo ya kuunganisha diski kadhaa ili moja ikiharibika kazi isisimame. Masanduku mengi ya leo hufuata njia hiyo. Basi mwenye diski mbili zinazofanana husema, "Nina nakala." La, hana. Ukifuta katika moja, umefuta katika zote mbili kwa dakika hiyo hiyo. Nakala ya kweli hukaa mbali na sanduku, nyumba nyingine ikiwezekana.

Mama mmoja na baba mmoja katika kila darasa na wajibu maswali haya:

1. Karani alipokata mstari, gunia lilikuwa wapi?
2. Kwa nini tusiweke kitu kipya baada ya faili kufutwa?
3. Nyumbani kwako, ni karatasi gani au picha gani isiyo na nakala? Utaiweka wapi nakala yake kabla ya somo lijalo?

Kwaherini, ndugu wanafunzi.