Tarehe ya Suffren, Admirali wa Ufaransa katika Bahari ya Hindi

Pierre André de Suffren alizaliwa tarehe 17 Julai 1729 katika kasri la Saint-Cannat, karibu na mji wa Aix, kusini mwa Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa Provence. Kwa desturi yao mwana wa kwanza alirithi cheo na ardhi, na wadogo zake wakatafutiwa nafasi kanisani, jeshini au baharini. Suffren, aliyekuwa na kaka waliomtangulia, alielekezwa baharini kwa njia mbili: jeshi la majini la mfalme wa Ufaransa, na Shirika la Malta, undugu wa kidini na kijeshi uliokuwa na merikebu zake katika Bahari ya Kati.

Mwaka 1743, akiwa na miaka 14, aliandikishwa Toulon pamoja na vijana wengine wa kikabaila waliofundishwa uofisa. Miezi michache baadaye, Februari 1744, alikuwa vitani dhidi ya Waingereza nje ya bandari hiyohiyo. Oktoba 1747 merikebu yake, Monarque, ilitekwa karibu na rasi ya Finisterre, naye akapelekwa Uingereza akiwa mateka. Amani ilipopatikana mwaka 1748 alikwenda Malta kutimiza wajibu wake wa shirika kwa safari za kuwawinda maharamia wa Afrika Kaskazini. Katika Vita vya Miaka Saba alishiriki mapambano ya Minorca mwaka 1756, ambayo Wafaransa walishinda. Agosti 1759 alikuwa ndani ya Océan Waingereza walipokivunja kikosi cha admirali wa Kifaransa La Clue karibu na Lagos, Ureno, na kwa mara ya pili akawa mfungwa wao.

Katika jeshi la majini la Ufaransa cheo kilifuata urefu wa utumishi na hadhi ya ukoo, na wakati wa amani nafasi zilikuwa chache. Suffren aliongoza vyombo vidogo, akashiriki shambulio la Larache, Morocco, mwaka 1765, kisha akangoja. Cheo cha nahodha wa merikebu kubwa ya vita alikipata mwaka 1772, baada ya kutumikia karibu miaka 30.

Ufaransa ilipoingia upande wa Wamarekani katika vita vyao vya uhuru mwaka 1778, Suffren aliongoza Fantasque, merikebu ya mizinga 64, katika kikosi cha admirali D'Estaing. Agosti mwaka huo aliingia na vyombo vichache katika ghuba ya Newport, na Waingereza wakazichoma moto manowari zao wenyewe ili zisiangukie mikononi mwake. Tarehe 6 Julai 1779, katika mapambano ya Grenada, Fantasque ilipigana karibu na mbele ya msururu. Wafaransa walishinda, lakini D'Estaing hakuzifuata merikebu za adui zilizokwisha kuvunjwa milingoti, na jambo hilo lilimuudhi sana Suffren.

Udhia huo ulitokana na namna vita vilivyopiganwa. Manowari ilikuwa na mizinga yake karibu yote ubavuni, hivyo kila kikosi kilijipanga msururu mmoja, merikebu nyuma ya merikebu, na misururu miwili ikapita sambamba ikipigana. Kuvunja msururu bila amri lilikuwa kosa kubwa. Njia hiyo ilimlinda admirali na aibu ya kushindwa, lakini mara chache ilileta ushindi wa kukata shauri. Suffren aliamini kwamba kazi ya kikosi ni kukiangamiza kikosi cha adui, na kwamba adui ashambuliwe popote apatikanapo, hata akiwa ametia nanga, kwa kurundika merikebu nyingi juu ya sehemu moja ya msururu wake.

Nafasi ya kulijaribu wazo hilo ilimjia akiwa na miaka 51. Tarehe 22 Machi 1781 aling'oa nanga Brest na merikebu tano kubwa, mwenyewe akiwa ndani ya Héros yenye mizinga 74. Alitumwa kuilinda Rasi ya Tumaini Jema, iliyokuwa mali ya Waholanzi, kabla ya kikosi cha Mwingereza George Johnstone kufika huko. Tarehe 16 Aprili alikikuta kikosi hicho kimetia nanga Porto Praya, katika visiwa vya Cape Verde, kikijaza maji. Bandari ilikuwa ya Wareno, wasiokuwamo vitani, lakini Suffren aliingia moja kwa moja na kutia nanga katikati ya Waingereza. Kati ya merikebu zake ni Annibal tu iliyompa msaada wa kweli. Nyingine zilipotea njia au zilishindwa kushika nafasi. Manahodha wawili wa Kifaransa waliuawa, na Annibal ikatoka bila milingoti. Hata hivyo Johnstone alicheleweshwa. Suffren alifika Rasi tarehe 21 Juni na kushusha askari, na Mwingereza alipowasili aliona mahali pamekwisha kulindwa, akaachana na mpango wake.

Kituo kilichofuata kilikuwa Île de France, kisiwa kinachoitwa Mauritius leo. Bandari yake ya Port Louis, iliyojengwa na gavana La Bourdonnais kuanzia mwaka 1735, ndiyo iliyobeba nguvu zote za Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Mashamba na kazi za bandari zilitegemea jasho la watumwa waliochukuliwa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alikuwa amefanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Hivyo pwani hii nayo, kwa watu wake waliouzwa, iliingia katika gharama ya vita vya wafalme wa Ulaya.

Suffren alifika kisiwani Oktoba 1781 na kuwekwa chini ya admirali D'Orves. Desemba kikosi cha merikebu 11 kubwa kiliondoka kwenda India, ambako Haidar Ali, mtawala wa Mysore, alikuwa akipigana na Waingereza. D'Orves alikufa njiani tarehe 9 Februari 1782, na uongozi ukamwangukia Suffren.

Mpinzani wake alikuwa Edward Hughes, admirali makini aliyekuwa na bandari ya Madras karibu, na chelezo ya Bombay nyuma yake. Suffren hakuwa na bandari hata moja: Pondicherry ya Wafaransa na Trincomalee ya Waholanzi zote zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Mlingoti ukivunjika, mwingine haukupatikana. Walipigana mara ya kwanza karibu na Sadras tarehe 17 Februari, kisha mbele ya kisiwa cha Providien karibu na Ceylon tarehe 12 Aprili, na mara ya tatu nje ya Negapatam tarehe 6 Julai. Katika mapambano hayo ya tatu nahodha wa merikebu ya Kifaransa Sévère aliteremsha bendera kujisalimisha, lakini maofisa wake walikataa na kuendelea kupigana. Nahodha huyo alivuliwa uongozi. Suffren alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba baadhi ya manahodha walikaa mbali na moto. Nao waliona amri zake ni ngeni na ishara zake hazieleweki. Pande zote mbili zilikuwa na hoja: alidai mbinu mpya kwa watu ambao hakuwahi kupata muda wa kuwafundisha.

Mwezi huohuo wa Julai alikutana na Haidar Ali karibu na Cuddalore, na uhusiano wao ukampatia chakula na fedha. Merikebu alizitengeneza palepale ufukweni, akichukua milingoti ya vyombo vidogo kuvipa vile vikubwa. Kisha akaielekea Trincomalee, bandari bora kuliko zote za upande huo, na ngome zake zikasalimu amri tarehe 30 na 31 Agosti. Hughes alitokea siku mbili baadaye, amechelewa. Tarehe 3 Septemba Suffren alitoka na merikebu 14 dhidi ya 12, lakini msururu wake ulivurugika na Héros ikabaki karibu peke yake ikipigwa mpaka mlingoti wake mkuu ukaanguka. Aliokolewa na upepo uliogeuka na kuwaleta wenzake.

Kuanzia Oktoba, kaskazi inapoingia, pwani ya Coromandel hupigwa na dhoruba na haina maficho. Hughes alikwenda Bombay. Suffren hakutaka kurudi hadi Île de France, kwa kuwa safari hiyo ingeiacha India bila Mfaransa kwa miezi mingi. Aliwapeleka watu wake Aceh, Sumatra, wakapumzika na kupata chakula, na mapema mwaka 1783 alikuwa amerudi. Hapo Haidar Ali alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Tipu amemrithi.

Juni 1783 Waingereza waliizingira Cuddalore kwa nchi kavu, ndani yake akiwa jenerali Bussy na jeshi la Ufaransa. Suffren alikuja na merikebu 15 dhidi ya 18 za Hughes. Mabaharia wake walikuwa pungufu, hivyo akapakia askari wapatao 1,200 wa jeshi la Bussy ili wasaidie kwenye mizinga. Safari hii msururu wake ulikaa sawa. Baada ya mapambano ya tarehe 20 Juni Hughes aliondoka kwenda Madras, na waliouzingira mji wakakosa msaada wa baharini. Tarehe 29 Juni ikafika habari ya amani iliyokwisha kutiwa saini Ulaya.

Katika mapambano yote matano hakuna upande uliopoteza manowari kubwa kwa kuzamishwa wala kutekwa. Mkataba wa mwaka 1783 uliirudisha Pondicherry kwa Ufaransa na Trincomalee kwa Waholanzi, na enzi ya Uingereza nchini India haikutikisika. Kwa kipimo cha ardhi iliyopatikana, vita hivyo vilileta kidogo. Kwa kipimo cha ubaharia, kukiweka kikosi baharini karibu miaka miwili bila chelezo wala akiba, na kila mara kukirudisha mbele ya adui, ilikuwa kazi ambayo hata Waingereza waliistahi. Akirudi kwao alipitia Rasi ya Tumaini Jema, ambako manahodha wa Kiingereza walikwenda kumwamkia.

Alitia nanga Toulon Machi 1784. Mfalme Louis XVI alimwundia cheo cha makamu admirali wa nne, kilichofutwa alipokufa. Suffren alifariki Paris tarehe 8 Desemba 1788 na kuzikwa katika kanisa la Temple. Kaburi lake liliharibiwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Karne moja baadaye Mmarekani Alfred Thayer Mahan, katika kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu nguvu za baharini, alimweka miongoni mwa makamanda wa kuchunguzwa kwa makini, na jeshi la majini la Ufaransa limeendelea kuzipa merikebu zake jina lake, ikiwemo nyambizi ya nyuklia ya karne hii.