Mikisa ikigoma: mwongozo kwa wanaorekodi majumbani Amu

Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikilalamikia maji na taka watanisamehe wiki hii. Nataka kuzungumzia mikisa, ile mashine ya vitufe na vitelezi ambamo maiki zote huingia kabla sauti haijahifadhiwa. Vijana wa Mkomani na Langoni wanaorekodi kasida na tendi majumbani wamekuwa wakiniuliza, na kila mmoja ana kilio chake. Ya huyu inavuma, ya yule chaneli moja imekufa, mwingine kafika nyumbani na faili tupu. Mimi diploma yangu si ya sauti, lakini nimekaa na mashine hizi miaka mingi, na magonjwa yake mengi yana dawa isiyohitaji mtu kupanda basi kwenda Mombasa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kujifurahisha. Sikubali. Miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na hilo ni jambo la kushukuru. Karatasi imepata mwokozi, sauti bado. Utendi aliomtungia bintiye Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 umo vitabuni, yeyote aweza kuusoma. Lakini vile nyanya zetu wanavyouvuta, wanapoikata pumzi, na Kiamu chao kinavyotoka mdomoni, hayo hayamo kitabuni. Mzee wa miaka themanini ukimkalisha mbele ya maiki saa mbili, usitarajie kumkalisha tena wiki ijayo. Ikiwa sauti ilipasuka kwa sababu kitufe kilikuwa juu mno, hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa.

Kanuni ya kwanza, na ukisahau mengine yote usisahau hii, ni kuifuata sauti njia yake. Inatoka mdomoni, inaingia kwenye maiki, inapita kwenye waya, inaingia tundu la chaneli, inakuzwa na kitufe cha geini, inashuka kwenye kitelezi, kisha inakwenda kwenye kinasa au kompyuta, na pembeni inachepuka kuja kwenye hedifoni zako. Tatizo limekaa mahali pamoja katika njia hiyo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, maiki na chaneli kwa pamoja, sauti ikarudi, hutajua mgonjwa alikuwa nani, na kesho utarudi palepale.

Tuseme chaneli ya tatu haitoi kitu. Chomoa waya uhamishie ya nne bila kugusa maiki. Ikilia, maiki na waya vimetoka katika kesi. Isipolia, badilisha waya kwanza. Waya ndio mwizi mara nyingi, hasa pale unapoingia kwenye plagi yake, kwa kuwa watu huukunja na kuuvuta. Kabla ya kuishuku chaneli yenyewe angalia kitufe kilichoandikwa MUTE, kisha SOLO au PFL. Kitufe cha SOLO kikibonyezwa kwenye chaneli moja, hedifoni zitasikia hiyo peke yake, nawe utaapa kwamba zilizobaki zimekufa. Nimeona kundi zima la kasida likisubiri nusu saa kwa ajili ya kitufe kimoja kilichobonyezwa na mtoto.

Maiki nazo zina tabia mbili. Zile za kawaida za jukwaani hazihitaji umeme. Zile nyepesi za studio, zinazosikia hata mtu akimeza mate, haziwezi kufanya kazi bila umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na kuna swichi yake. Maiki yako ya studio ikinyamaza kabisa, tazama swichi hiyo. Shusha vitelezi kabla ya kuiwasha, usipasue masikio ya watu. Na ukiwa na maiki ya utepe ya kizamani, usiipelekee umeme huo, inaweza kuharibika.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa kwetu hasa, chumvi. Hewa ya Amu inakula chuma cha mlango, seuze kipande chembamba cha bati ndani ya tundu la mikisa. Mikisa nyingi zina matundu yaliyoandikwa INSERT, ya kuunganishia vifaa vingine. Wengi wetu hatuyatumii kamwe, lakini sauti hupita ndani yake, ikivuka kijibati kinachogusa kijibati mwenzake. Kutu ikiingia hapo, chaneli hufifia, hukatikakatika, au hufa, na fundi asiyejua atakwambia ununue mashine nyingine. Zima mikisa, chukua plagi ya jeki, ichomeke na kuichomoa katika tundu hilo mara kumi hivi. Mara nyingi chaneli hufufuka papo hapo. Kitufe kinachokwaruza ukikizungusha nacho ni vumbi na kutu. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi mashine ikiwa imezimwa, na kikizidi tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya elektroniki, si mafuta ya nazi wala ya cherehani. Ukimaliza kazi, funika mikisa kwa kitambaa, na nyaya na maiki ziweke kwenye debe lenye mfuniko pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, vumbi lake ni balaa jingine.

Mvumo una sababu zake. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mlio mzito unaousikia chini ya sauti ya msomaji. Jaribio lake ni rahisi. Chomoa chaja ya laptopu, iache itumie betri. Mvumo ukiondoka, maana yake laptopu na mikisa zinapata ardhi kwa njia mbili tofauti na umeme unazunguka kati yake. Ziunganishe zote kwenye ubao mmoja wa soketi, au rekodi kwa betri. Usikate mguu wa ardhi wa plagi, hata fundi akikwambia ndiyo dawa. Mguu ule umewekwa usife. Wanaotumia sola nao wana mlio wao wa nyuki, unaotoka kwenye inveta za bei ya chini. Waya wa maiki usilazwe sambamba na waya wa umeme. Kama lazima vikutane, vipishane kama msalaba. Simu ziondoke chumbani. Ule mlio wa titititi unaingia kwenye rekodi na hautoki.

Geini ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko kitu chochote. Vijana wanataka sauti ijae, wanapandisha hadi taa nyekundu inawaka. Katika kinasa cha dijitali sifuri ndiyo dari, na kinachogonga dari kimekatwa kichwa. Mwambie msomaji asome pale anapopaza sauti zaidi, si ile salamu ya upole ya mwanzo, kisha weka geini hadi sauti ya kawaida icheze karibu na -18 na vilele visipite -10 au -8. Itaonekana ndogo. Iache ndogo, ukirekodi kwa biti 24 utaikuza baadaye bila hasara ya maana. Na matari yakianza angalia upya, kwa sababu tari moja linapita waimbaji wanne.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mikisa yenye tundu la USB si lazima irekodi kila maiki peke yake. Nyingi za bei nafuu, hata zenye chaneli nane au kumi na mbili, hupeleka kwenye kompyuta traki mbili tu, kushoto na kulia, sauti zote zikiwa zimeshachanganywa. Matari yakimfunika msomaji, basi amefunikwa milele. Kabla ya kununua uliza traki ngapi zinafika kwenye kompyuta au kwenye kadi. Tangu 1979, Tascam ilipotoa Portastudio iliyotumia kaseti ya kawaida kuhifadhi traki nne, mtu wa nyumbani ameweza kutenganisha sauti. Ni ajabu leo mtu kulipa pesa nyingi akapata mbili. Kama unayo tayari ya traki mbili, usiitupe. Panga watu vizuri: wa matari nyuma, msomaji mbele karibu na maiki, na sikiliza kwa hedifoni kabla ya kuanza.

Msomaji akijisikia kwa kuchelewa, anasikiliza sauti iliyokwenda kwenye kompyuta ikarudi. Msikilizishe moja kwa moja kutoka kwenye mikisa. Mzee akisikika mzito na mvivu kuliko alivyo, umerekodi kwa 48,000 na mradi wa kompyuta umewekwa 44,100, na saa moja imegeuka dakika 65. Hapo hakuna kilichoharibika, sahihisha namba tu.

Faili tupu nyingi huletwa na stima kukatika kabla kinasa hakijafunga faili. Ikitokea, usirekodi kitu kingine chochote juu ya kadi ile. Itoe, ipeleke kwenye kompyuta yenye programu ya kuokoa faili, huenda sauti bado imo. Kinasa chenye betri, au UPS ndogo, kinakuepusha na haya. Traki nane kwa biti 24 na 48,000 hula gigabaiti nne na kidogo kwa saa, kwa hiyo kadi ya 32 inatosha saa saba.

Chumba pia ni kifaa. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene zinazozuia kelele za nje, ila lipu yake inarudisha mwangwi. Chumba cha ndani chenye zidaka ni bora kuliko kiwandani, na mikeka ukutani pamoja na magodoro mawili vinatosha. Panga kazi baada ya Isha. Kwa punda sina dawa.

Mwisho ni ruhusa, na hili si la mashine ila limeharibu kazi kuliko kutu. Muulize msomaji kabla ya kuwasha: sauti hii isikike na nani? Wako kina mama wanaokubali kurekodiwa kwa ajili ya wajukuu, lakini hawataki sauti yao ifike kwenye simu za wanaume wasiowajua, na hiyo ni haki yao. Afadhali kazi hiyo ifanywe na binti aliyefundishwa mikisa. Rekodi jibu lake mwanzoni mwa traki, pamoja na jina, mtaa na tarehe. Hifadhi traki zote mbichi kwa WAV, si MP3, katika nakala tatu, moja ikiwa nje ya kisiwa. Na chaneli ikikushinda kabisa, andika kwenye karatasi ulichobadilisha na kilichotokea, umpe fundi pamoja na mashine. Atakutoza kidogo.